Msimamizi wa mradi akikutwika kosa lisilo lako: mwongozo kwa kontrakta mdogo

Lipu ikibambuka, wa kwanza kupigiwa simu ni fundi aliyeipiga. Haulizwi aliyechagua simiti badala ya chokaa, wala aliyekataa ukuta usubiri ukauke, wala aliyeleta mchanga. Mkono wa mwisho kugusa ukuta ni wa fundi, na macho ya mwenye nyumba yanaishia hapo. Mimi nafanya kazi za mawe, chokaa na simiti hapa kisiwani Lamu, mji wa Amu na Shela, na mafundi wenzangu hunijia na kisa kile kile: kazi ilifanywa kwa amri ya msimamizi wa mradi, kasoro ikatokea, na msimamizi huyo huyo akasimama mbele ya mwenye mali akasema fundi aliharibu. Nawaandikia wao, hasa vijana walioanza kuchukua kazi kwa jina lao baada ya miaka ya kufanya kazi chini ya mafundi wakubwa.

Ugomvi wa namna hii huamuliwa siku amri ilipotolewa. Ikiwa siku hiyo hukuandika kitu, siku ya kikao utabaki na mdomo wako tu, na mdomo wa msimamizi umekaa karibu zaidi na mwenye pesa.

Mjue anayekuamuru na anachokiogopa

Nyumba nyingi tunazozijenga au kuzikarabati hapa wenyewe hawapo. Mwenye nyumba yuko Nairobi, au Ulaya, huja Disemba. Katikati yake na wewe kuna msanifu aliyechora, kuna msimamizi wa mradi anayeteremka uwanja wa ndege wa Manda asubuhi na kuondoka jioni, na kuna mtu wa kukaa saiti, pengine karani wa kazi, pengine jamaa wa mwenye nyumba aliyepewa pesa za kununua vifaa. Wote hao watakupa amri, na amri zao zitagongana.

Kabla hujapeleka mwiko, uliza maswali matatu mbele yao wote: nani anayeniamuru, nani anayenilipa, na nani atakayesema kazi imekubalika? Mara nyingi utakuta ni watu watatu mbalimbali, na hapo ndipo mafundi wanapoumia. Jamaa wa mwenye nyumba anakwambia ongeza dirisha, unaongeza, msimamizi anakuja anasema hakuagiza, na mlipaji hana habari ya dirisha lolote.

Msimamizi naye mtazame vizuri. Wengi wao si watu wabaya. Amemwahidi mwenye nyumba kwamba wageni watalala humo Krismasi. Ametaja bei kabla hajajua kwamba hapa mfuko wa simiti husafiri kwa lori mpaka Mokowe, ukapakiwa mashuani, ukashushwa gatini, kisha ukabebwa na punda mpaka kwenye kichochoro ambacho hata mkokoteni haupiti. Siku zikisogea, yeye ndiye anayeulizwa usiku kwa simu. Mtu aliyebanwa hivyo hutafuta pa kuutua mzigo, na wewe uko karibu. Ukilijua hilo hutamchukia, na utajua cha kumpa: taarifa mapema, tarehe ya kweli, na sababu anayoweza kuipeleka juu bila kuaibika. Wasimamizi wakali niliowahi kufanya nao kazi wengi walitulia walipoona kwamba kila Alhamisi wanapata kwangu ujumbe wenye picha, kilichokwisha, kilichobaki na kinachosubiriwa.

Wapo pia wasiotulia. Mwongozo huu zaidi ni kwa ajili ya hao.

Kurasa mbili zinatosha

Mkataba wangu hauzidi kurasa mbili na nauandika kwa Kiswahili. Msimamizi akitaka na wa Kiingereza, sawa, aulete, nitampelekea mtu anisomee kila mstari kabla ya kutia sahihi.

La kwanza kuliweka wazi ni kama umechukua lebo (kazi ya mikono) peke yake au lebo na vifaa. Ukichukua lebo peke yake, andika kwamba ubora wa vifaa ni wa aliyevinunua, na kwamba una haki ya kukataa kifaa kibovu bila siku hizo kuhesabiwa kwako kuwa ucheleweshaji. La pili, kazi ya ziada: hakuna kazi nje ya orodha itakayoanza kabla ya bei yake kukubaliwa kwa maandishi, hata kwa ujumbe wa simu. La tatu, malipo kwa hatua zinazoonekana kwa macho. Usiandike "asilimia 30 kazi ikiendelea", maana hapo mtabishana mpaka kesho. Andika "linta zikimwagwa", "boriti zikilazwa na dari kufunikwa", "lipu ya ndani ikiisha".

Kuna pesa zinazozuiwa mpaka kasoro ziishe, mara nyingi asilimia 5 hadi 10 ya kazi. Ni desturi ya ujenzi, si uonevu, lakini andika zinaachiliwa lini. Kawaida nusu hulipwa siku ya kukabidhi na nusu baada ya muda wa kuangalia kasoro, ambao wengi huuweka miezi 6. Bila tarehe, pesa hizo huwa silaha: kila ukizidai utaletewa mlango unaokwama.

Na ujisajili. Sheria ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi ya 2011 inamtaka kontrakta awe amesajiliwa, na mafundi wenye ujuzi nao wanasajiliwa. Najua wengi wetu tulirithi kazi kwa baba na ami zetu, na karatasi tunaona ni mambo ya Nairobi. Lakini siku ya ugomvi, msimamizi akigundua hujasajiliwa, mazungumzo yataacha ukuta na yatakuwa juu yako.

Ndani ya mji mkongwe kuna jambo jingine. Lamu iko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, na nyumba za kale hazivunjwi wala kubadilishwa bila kibali. Ukiambiwa bomoa ukuta wenye zidaka (vishubaka vya ukutani), au ongeza ghorofa, omba ukione kibali kwa macho yako na ukipige picha. Msimamizi atasema kipo ofisini. Mjibu kwa adabu kwamba nyundo itasubiri kifike. Afisa akija, atakayemkuta juu ya ngazi ni wewe na vibarua wako, na msimamizi atakuwa hewani anarudi kwao.

Amri ya mdomo iandike kabla ya magharibi

Kuna nyumba moja ya mtaa wa Mkomani, ya mawe ya matumbawe na chokaa, kuta zake nene za kale. Msimamizi alitaka lipu ya simiti chumba cha chini kwa sababu hukauka upesi na wageni walikuwa na tarehe. Nilimweleza mbele ya karani wake: jiwe la tumbawe lina matundu na hunywa unyevu wa ardhini, nao hupanda ukutani. Chokaa huuachia unyevu utoke nje. Simiti huufungia ndani, chumvi inajikusanya nyuma ya lipu, inaganda na kuisukuma lipu itoke. Alinisikiliza, akaangalia saa, akasema, "Fundi, piga simiti. Nimeshasema."

Sikubishana tena. Mradi ni wake kuamua, na hapakuwa na hatari ya mtu kuumia. Jioni ile, kabla ya adhana ya magharibi, nilimtumia ujumbe huu kwenye WhatsApp:

"Asalaam alaikum Mhandisi. Kuhusu kikao chetu cha leo saa 4 asubuhi, chumba cha chini, ukuta wa upande wa kisima. Umeagiza lipu ya simiti. Nimeshauri lipu ya chokaa kwa sababu ukuta ni wa matumbawe na una unyevu, na simiti huenda ikabambuka. Nitaanza kesho asubuhi kama ulivyoagiza. Kama nimekuelewa vibaya tafadhali niambie usiku huu. Ahsante."

Akajibu neno moja: "Endelea."

Mvua za kusi zilipokuja, ukuta ukaanza kutoa unga mweupe, kutoka chini mpaka usawa wa goti. Mwenye nyumba alifika, akaita kikao, na msimamizi akasema mchanganyiko wangu ulikuwa na simiti kidogo. Sikujibu kwanza. Niliomba twende ukutani. Nikagonga kwa kifundo cha kidole nikianzia sakafuni: sauti ilikuwa ya kitu kitupu. Nikapanda nao, shubiri kwa shubiri, mpaka juu ya kiuno ambako sauti ilibadilika ikawa nzito, maana huko lipu ilikuwa imeshika. Nikamwambia mwenye nyumba, "Mchanganyiko ni ule ule, juu na chini, umepigwa siku moja." Kisha nikachukua patasi, nikabandua kipande kilichokuwa kitupu. Nyuma yake jiwe lilikuwa limelowa, na mgongo wa lipu una chumvi. Nilimpa mwenye nyumba kile kipande akakigusa kwa ulimi mwenyewe. Baada ya hapo ndipo nikamwonyesha ujumbe.

Angalia mpangilio wake. Ningeutoa ujumbe mwanzo, kikao kingekuwa cha kumfedhehesha msimamizi, naye angepigania heshima yake mpaka mwisho. Nilianza na ukuta. Ujumbe ulikuja kuthibitisha tu kile ambacho kila mtu alikwisha kukiona. Mwenye nyumba alilipia kuibandua lipu ya chini na kupiga chokaa, kwa bei mpya, na msimamizi aliendelea na mradi. Tangu hapo maagizo yake yalikuja kwa maandishi.

Ujumbe mzuri una mambo matano, na hauhitaji Kiswahili cha gazeti: lini na wapi amri ilitolewa, sehemu gani hasa ya jengo, ameagiza nini, wewe umeshauri nini na kwa sababu gani, na utaanza lini asipojibu. Usitie hasira. Usiandike "kama nilivyokuonya". Uandike ukijua kwamba siku moja utasomwa na mtu wa tatu asiyemjua yeyote kati yenu. Na usiutume kwa sauti. Sauti haisomeki kikaoni, na hakuna atakayekubali kusikiliza dakika sita za upepo na punda.

Amri ikiwa ya hatari, kanuni ni nyingine. Ukiambiwa uondoe miti ya kushikilia slabu kabla haijakomaa, au upunguze nondo, ujumbe haukuokoi. Kataa, andika kwamba umekataa, na usimamishe sehemu hiyo. Slabu ikimwangukia mtu, hakuna "Endelea" ya msimamizi itakayokutosha mbele ya sheria wala mbele ya Mungu.

Kitabu cha saiti

Nunua daftari gumu, lile la kurasa nyingi lililoshonwa, si la kuchana karatasi. Kila siku andika nani walikuja kazini, nini kilifanyika, nini kilifika na nini hakikufika, na nani alikuja kuangalia akasema nini. Dakika kumi jioni zinatosha. Karani wa kazi akikubali kutia sahihi kila Alhamisi kabla ya mapumziko ya Ijumaa, umepata ngao kubwa. Akikataa, andika tarehe aliyokataa.

Hapa kwetu kuna mambo ambayo mtu wa bara hayaoni, na usipoyaandika yatahesabiwa kuwa uvivu wako. La kwanza ni maji. Msimamizi anaona kwenye ratiba yake "mchanga kufika Jumatatu", lakini mashua haitazami Jumatatu, hutazama kujaa na kupwa. Ukiwa na kazi upande wa Pate, vyombo vyenye mzigo hupitia mkondo wa Mkanda, na maji yakipwa vilivyo chombo hukaa kwenye tope mpaka yajae tena. Siku za bamvua maji hujaa sana na kupwa sana, na ukiwa na kazi ya ukuta wa bahari au ngazi za gati saa za kufanya kazi ni chache. Kabla ya mradi kuanza, kaa na nahodha wako, chukueni jedwali la maji la miezi hiyo, tia alama siku nzuri za kushusha mzigo, na umpe msimamizi nakala. Mimi huitundika kwenye kuta za stoo. Akisema umechelewa, mpeleke penye karatasi.

Ramadhani nayo iandike mapema, kwamba saa za kazi zitaanza alfajiri na kumalizika adhuhuri. Maulidi vilevile, maana wiki ile ya sherehe mji mzima una wageni, na vibarua wako ni wale wale wanaopiga matari. Ukiyataja haya siku ya kutia sahihi ni mpango. Ukiyataja siku ya kuulizwa, ni udhuru.

La pili ni mchanga. Nimeona ugomvi mwingi wa lawama ukianzia hapa kuliko kwenye kitu kingine chochote. Mchanga wa pwani una chumvi, na chumvi hula nondo ndani ya zege. Chuma kikioza huvimba, zege linapasuka kwa mstari unaofuata chuma, na michirizi ya kahawia inateremka. Hilo huchukua muda mrefu, pengine miaka, na likitokea utaambiwa hukufunika nondo vya kutosha. Kwa hiyo piga picha ya mchanga ulioletwa, tia mkono wako ndani uonekane chembe zake, andika umetoka wapi na nani aliuagiza. Kabla ya kumwaga, piga picha ya nondo zikiwa na tepu inayoonyesha nafasi kati ya chuma na ubao. Karibu na bahari usikubali chini ya sentimita 4. Na maji ya kuchanganyia yawe matamu. Kisima chenye maji ya chumvi ni mchanga wa pwani ule ule umepitia mlango mwingine.

Msimamizi akikwambia "choteni pale nyuma ya Shela, ni karibu", kataa kabisa. Yale matuta ya mchanga ndiyo yanayotunza maji matamu tunayoyanywa mji mzima, na yamehifadhiwa. Hiyo si lawama ya mradi tu. Utakuwa umechimba kisima cha majirani zako.

Simiti nayo ikague ikishushwa. Mfuko uliolala gatini ukapigwa na umande hushika mabonge. Bonyeza pembe za mfuko. Ukikuta bonge gumu lisilovunjika kwa vidole, uweke kando, upige picha, mwambie aliyenunua siku hiyo hiyo.

Ukiitwa mbele ya kikao

Usijibu lawama saa ile ile kwa simu. Sema, "Nimekusikia Mhandisi, naja saiti kesho asubuhi tuangalie pamoja." Usiku ule fungua daftari na ujumbe wako, andika tarehe zinazohusika kwenye karatasi moja. Nenda ukiwa umevaa vizuri. Nasema hivi kwa sababu tunadharauliwa kwanza kwa macho: fundi aliyejaa vumbi amesimama mlangoni, wenzake wamekaa kwenye viti. Omba kiti ukae.

Mvute msimamizi faragha kwanza ikiwezekana. "Mhandisi, naomba dakika tano kabla hatujaingia." Mwonyeshe ulicho nacho. Mara nyingi mambo huishia hapo, kwa sababu hakukumbuka alichoagiza. Watu wenye miradi minne mitano kwa pamoja husahau kweli, na siyo kila asiyekumbuka ni mwongo. Mpe mlango wa kutokea: "Twaweza kumwambia mwenye nyumba kwamba ukuta ulikuwa na unyevu kuliko tulivyotarajia." Ikiwa ni kweli, na hakuna atakayebebeshwa gharama isiyo yake, si vibaya.

Akikataa mlango huo, ingieni. Mle ndani yatenganishe mambo matatu ambayo mwenye kulaumu huyachanganya makusudi au bila kujua: kinachoonekana, kilichosababisha, na aliyeamua. "Dari imebonyea" ni kinachoonekana, na likubali haraka kama ni kweli. Chanzo, omba kipimwe. Vyumba vya nyumba zetu za kale ni vyembamba kwa sababu boriti za mikoko hazifiki mbali, kwa kawaida hazipiti mita 3. Ukichorewa chumba cha mita 4 na ukaambiwa utumie boriti zile zile, kubonyea kumo ndani ya mchoro. Tandaza mchoro mezani, weka tepu juu yake. La tatu, nani aliamua, liache daftari liseme.

Na ikiwa kosa ni la watu wako kweli, sema hapo hapo, taja utalirekebisha lini, na usilipishe. Kontrakta anayekubali lake huaminiwa anapokataa la mwingine. Nimemsikia mwenye nyumba akimwambia msimamizi maneno hayo kumhusu fundi wa mbao wa Langoni, nami nilikuwepo.

Jambo moja linanikera sana: kontrakta akitoka kikaoni amefokewa, akifika saiti anamfokea kibarua. Yule naye anamfokea kijana wa punda. Lawama ile ile inateremka ngazi mpaka imfikie asiye na pa kuitua. Watu wako wakiona kwamba ukweli unawaponza, watakuficha. Fundi aliyekata bomba kwa bahati mbaya atalifunika kwa lipu, na utalijua maji yakitokea chumba cha jirani. Mimi vibarua wangu wana ruhusa ya kunigongea nyumbani usiku kuniambia kitu kimeharibika, na aliyesema mwenyewe hakatwi ujira.

Mtu akiumia, hospitali kwanza, halafu andika. Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya 2007 inamhusu mwajiri, na kama watu ni wako, mwajiri ni wewe, hata msimamizi awe ndiye aliyeharakisha kazi. Kata bima kabla ya kupandisha mtu kwenye jukwaa.

Pesa zikizuiwa

Usivunje ulichojenga. Usibebe vifaa vya watu, wala kufunga mlango kwa kufuli lako. Ukifanya hivyo, wewe uliyedhulumiwa utakuwa wa kwanza kufika kituo cha polisi.

Andika barua ya kudai: kazi gani imekwisha, tarehe gani ilikubaliwa, kiasi gani kinadaiwa, na siku ngapi unampa. Ipeleke kwa msimamizi na kwa mwenye nyumba pia. Wenye nyumba wengi wakiwa mbali hawajui kabisa kwamba fundi hajalipwa. Kwao pesa zilishatoka. Kama mkataba unasema unaweza kusimamisha kazi usipolipwa, toa notisi kwanza, kisha simama, na ufunike kazi yako isiharibiwe na mvua.

Kwa mtu wa hapa, au aliyekaa hapa miaka mingi, wazee bado wanasaidia. Mkikaa barazani na mtu mnayemheshimu nyote, mara nyingi hupatikana nusu leo na nusu mwezi ujao. Mkikubaliana, liandikeni hilo pia, wazee watie sahihi.

Ikishindikana, kuna Mahakama ya Madai Madogo, iliyowekwa na sheria ya 2016. Inasikiliza madai ya kazi na bidhaa yasiyozidi shilingi milioni 1, hulazimiki kuwa na wakili, na sheria inataka kesi imalizike ndani ya siku 60 tangu kufunguliwa. Nenda kwenye rejista ya mahakama iliyo karibu nawe uulize unafungulia wapi. Peleka mkataba, daftari, picha, na taarifa za M-Pesa zinazoonyesha ulicholipwa. Ujumbe wa WhatsApp nao ni ushahidi, ila Sheria ya Ushahidi inataka uambatane na cheti kinachoeleza umetolewa kwenye kifaa gani na kwa njia gani, kwa hiyo simu yenyewe usiiuze wala kumpa mtoto aichezee. Ukibadilisha simu, hamisha mazungumzo kwanza.

Siku ya kukabidhi

Usirudishe funguo kwa kijana wa getini. Pitia nyumba na msimamizi, chumba kwa chumba, ukiwa na karatasi. Kila kasoro anayoiona iandikwe hapo, na chumba kisicho na kasoro kiandikwe kwamba hakina. Fungua mifereji yote, washa taa zote, panda darini, mwaga ndoo ya maji muone yanakokwenda. Piga picha kila ukuta, hata ule mzuri, maana mwezi ujao fundi wa viyoyozi atakuja kuutoboa na ufa utaitwa wako. Chini ya karatasi andika tarehe, tia sahihi, naye atie. Akisema atatia kesho, mtumie picha ya karatasi hiyo pale pale mkiwa mmesimama pamoja, pamoja na tarehe ambayo kila kasoro itakuwa imerekebishwa.

Nakala moja yake, moja ya mwenye nyumba, moja yako. Dai la mkataba laweza kufunguliwa mpaka miaka 6 baada ya mkataba kuvunjwa, kwa hiyo karatasi zako ziweke kwenye mfuko wa nailoni ndani ya kasha la bati, juu, mbali na mchwa na mbali na unyevu wa ukutani.